Kusikia Sauti na Kuelewa Maneno: Kipimo cha Usikivu Katikati ya Kelele na Maana Yake kwa Wakazi wa Ufipa

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Mkulima wa mahindi katika uwanda wa juu wa Ufipa anaweza kuuza jasho la mwaka mzima kwa maneno yasiyozidi kumi, na aghalabu maneno hayo husemwa mahali penye kelele. Lori linanguruma, mashine ya kusaga imewashwa jirani, mpiga debe anaita abiria wa Laela na Tunduma, na katikati ya hayo mnunuzi anataja bei ya gunia. Baina ya "sitini elfu" na "tisini elfu" tofauti kwa sikio ni ndogo mno: sauti za S na T zimebadilishana nafasi, basi. Kwa mfuko wa muuzaji, tofauti hiyo ni Shilingi 30,000 kwa kila gunia.

Wapo watu wanaosikia vizuri kwamba mnunuzi amesema jambo, lakini hawang'amui amesema nini. Nyumbani usiku, mji ukiwa umetulia, huzungumza bila shida. Wakienda kupimwa katika chumba kimya huenda wakaambiwa kuwa masikio yao ni mazima, nao hurudi walikotoka wakiwa na tatizo lilelile. Tatizo hilo linafahamika katika sayansi ya usikivu, na vipimo vyake vimekuwapo kwa miongo kadhaa. Makala haya yanaeleza vipimo hivyo vinavyofanya kazi, na kwa nini vina umuhimu wa pekee katika Mkoa wa Rukwa, wenye wakazi zaidi ya milioni 1.5 kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022.

Uchunguzi wa kawaida wa usikivu hufanyika kwa odiometa. Anayepimwa huvaa visikizi masikioni, huketi katika chumba kilichozuiwa kelele, na kusikilizishwa milio minene na myembamba, kwa kawaida kuanzia mitetemo 250 hadi 8,000 kwa sekunde. Kila mlio hupunguzwa hadi kufikia kiwango ambacho anausikia kwa shida. Matokeo huchorwa kwenye karatasi, yakionyesha sauti ndogo kabisa ambayo kila sikio linaweza kuipokea. Kipimo hiki ni msingi wa tiba ya masikio duniani kote na hakuna sababu ya kukidharau. Hata hivyo, kinajibu swali moja tu: je, sauti inafika? Hakijibu swali la pili, ambalo aghalabu ndilo lililomleta mgonjwa hospitalini: je, maneno yanaeleweka?

Maneno hayaundwi na milio ya namna moja. Irabu, yaani a, e, i, o na u, hubeba nguvu kubwa ya sauti na husafiri mbali; ndiyo maana mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde husikika kabla ya kueleweka. Konsonanti nyingi ni hafifu na fupi. Sauti ya S ni mvumo mwembamba ambao sehemu yake kubwa iko juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde, na T ni mpasuko wa muda mfupi mno. Hizo ndizo zinazotofautisha neno na neno, nazo ndizo za kwanza kumezwa na kelele. Kwa bahati mbaya, eneo hilohilo la sauti nyembamba ndilo huanza kuharibika kwa uzee na kwa kazi zenye kelele kubwa. Mzee aliyepoteza sehemu hiyo hasemi kwamba hasikii. Husema kwamba vijana wa siku hizi wanameza maneno.

Hata masikio yakiwa mazima, kazi inakuwa haijaisha. Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry wa Chuo cha Imperial jijini London alichapisha majaribio kuhusu namna msikilizaji anavyoweza kufuata sauti ya mtu mmoja huku wengine wakizungumza kwa wakati uleule, jambo ambalo kila aliyewahi kuketi kwenye sherehe ya harusi analifahamu. Ubongo hulinganisha sauti iliyofika sikio la kulia na ile iliyofika sikio la kushoto, hutambua inatoka upande gani, hushika kimo na mwendo wa sauti ya msemaji, kisha hujaza mapengo kwa kukisia kutokana na maana ya mazungumzo. Kwa sababu hiyo, mtu mwenye sikio moja zima anaweza kuishi vizuri chumbani lakini akapotea sokoni.

Upo pia uharibifu usioonekana kwenye karatasi ya odiometa. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani, Sharon Kujawa na Charles Liberman, walionyesha kwa kutumia panya kwamba kelele kubwa inaweza kukata miunganisho kati ya seli za sikio la ndani na mshipa wa fahamu wa usikivu, ilhali uwezo wa kusikia milio midogo hurudi kuwa wa kawaida baada ya muda. Kiasi ambacho jambo hilo hutokea kwa binadamu bado ni mjadala baina ya wataalamu. Lakini tangu hapo imekuwa vigumu kwa mtaalamu kumwambia mgonjwa kwamba hana tatizo kwa kuwa tu mchoro wake umenyooka.

Kipimo cha usikivu katikati ya kelele huanza na wazo jepesi. Kinachoamua kama maneno yataeleweka ni uwiano wa sauti ya msemaji na kelele iliyopo, zaidi ya ukubwa wa sauti yenyewe. Uwiano huo hutajwa kwa desibeli. Sauti ikilingana na kelele, uwiano ni sifuri; sauti ikizidi, uwiano ni chanya; kelele ikizidi, uwiano ni hasi. Anayepimwa husikilizishwa maneno au sentensi zilizorekodiwa huku kelele maalumu ikiendelea kuvuma, na hutakiwa kurudia alichosikia. Akipatia, sauti ya msemaji hupunguzwa, aghalabu kwa desibeli 2. Akikosea, huongezwa kwa kiasi hichohicho. Kipimo hupanda na kushuka, kama mtu anayepima kina cha mto kwa fimbo, hadi kitulie kwenye kiwango ambacho mhusika anapatia takriban nusu ya anayosikilizishwa. Kiwango hicho ndicho matokeo yake. Kijana mwenye masikio mazima hufikia kiwango hasi, maana yake anaelewa tarakimu hata kelele inapoizidi sauti ya msemaji.

Tofauti ya desibeli moja au mbili isidharauliwe. Karibu na kiwango hicho cha nusu, badiliko la desibeli moja tu katika uwiano linaweza kupandisha au kushusha kiasi cha sentensi kinachoeleweka kwa takriban asilimia 15 hadi 20. Mtu aliyepungukiwa desibeli 3 anaweza kufuata mazungumzo yote sebuleni na kuambulia vipande tu kwenye stendi ya mabasi.

Mbinu hii imepita mikono mingi. Uholanzi, Plomp na Mimpen walichapisha kipimo cha sentensi mwaka 1979. Uswidi, Björn Hagerman alitumia mwaka 1982 sentensi za maneno matano zinazoweza kuchanganywa upya ili msikilizaji asizikariri. Marekani ikapata kipimo chake cha sentensi mwaka 1994. Vyote hivyo vilihitaji mtaalamu na vifaa maalumu, hivyo vilibaki katika hospitali kubwa na vyuo vikuu.

Hatua iliyokitoa kipimo maabara na kukifikisha kwa wananchi ilichukuliwa Uholanzi na Cas Smits na wenzake. Waliacha sentensi wakatumia tarakimu tatu tatu, kwa mfano 5-2-8, zinazosikika kupitia simu ya kawaida ndani ya kelele. Anayepima hubonyeza alizosikia. Huduma hiyo ilipofunguliwa mwaka 2003 ilipokea makumi ya maelfu ya simu ndani ya miezi michache. Mwaka 2016 Chuo Kikuu cha Pretoria, Afrika Kusini, kilizindua programu ya simu janja inayoitwa hearZA kwa kufuata mbinu hiyo, na mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) likatoa programu yake ya hearWHO.

Ubora wa tarakimu kwa mkoa kama Rukwa uko katika mambo ambayo hazihitaji. Hazihitaji chumba kilichozuiwa kelele, kwa sababu kelele iliyomo ndani ya kipimo chenyewe hufunika kelele ndogondogo za nje. Hazihitaji kifaa kilichorekebishwa kwa usahihi mkubwa, kwa sababu kinachopimwa ni uwiano, na uwiano haubadiliki simu ikiongezwa au kupunguzwa sauti kidogo. Hazihitaji elimu ya darasani pia. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu huhesabu debe zake sokoni bila kukosea. Zahanati ya kijiji isiyo na chumba kimya wala mtaalamu wa usikivu inaweza kufanya kipimo hiki kwa dakika chache, ikiwa na simu moja na visikizi.

Hata hivyo, kipimo cha lugha nyingine hakiwezi kuvishwa Kiswahili juujuu. Tarakimu za Kiswahili zina tabia yake. Ukiziondolea konsonanti na kubakiza irabu tu, moja inabaki na o-a, mbili i-i, tatu a-u, nne e peke yake, tano a-o, saba a-a, nane a-e. Kila moja ina sura yake, na msikilizaji anaweza kuitambua kwa irabu pekee hata konsonanti zote zikipotea. Zinazobaki ni mbili: sita na tisa. Zote ni i-a, na konsonanti zake ni zilezile zilizopinduliwa. Mtu aliyepoteza sauti nyembamba anaweza kupatia tarakimu nyingine zote na bado asijue kama kikao ni saa sita au saa tisa.

Kwa mwandaaji wa kipimo, jambo hili ni hazina na ni mtego kwa wakati mmoja. Ni mtego kwa sababu tarakimu zenye irabu za kipekee ni rahisi mno. Mtu mwenye upungufu halisi anaweza kupata alama nzuri kwa kukisia. Ni hazina kwa sababu makosa baina ya sita na tisa yanaeleza mengi kuhusu hali ya sikio. Kabla ya kutumika, kila tarakimu hurekodiwa kwa sauti ya msemaji mmoja, hupimwa kwa wasikilizaji wenye masikio mazima, na husawazishwa ili isiwepo iliyo rahisi kuliko nyenzake. Kelele nayo hutengenezwa kutokana na sauti ya msemaji huyohuyo, ili ifunike maneno yake kikamilifu. Kazi hiyo haina mkato.

Kwamba inawezekana kwa Kiswahili si jambo la kubahatisha. Jijini Dar es Salaam, watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) na wenzao wa Chuo cha Dartmouth cha Marekani wamefuatilia kwa miaka kadhaa usikivu wa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wa wale wasio na virusi. Miongoni mwa viongozi wa kazi hiyo ni Dkt. Jay Buckey, ambaye mwaka 1998 aliruka angani kama mwanaanga katika chombo cha Columbia. Vipimo vilijumuisha milio ya kawaida, majibu ya sikio la ndani, na pia kipimo cha tarakimu tatu ndani ya kelele. Swali lilikuwa ni kwa nini baadhi ya watu wanaoishi na virusi hulalamika kwamba hawaelewi maneno ilhali masikio yao hayaonyeshi kasoro inayolingana na malalamiko hayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalitoa jibu kwamba chanzo cha malalamiko hayo kiko katika ubongo na si katika sikio. Yaani sikio lilikuwa likipokea. Uchambuzi ndio uliokuwa ukisuasua. Kipimo cha chumba kimya peke yake kisingeweza kuliona hilo. Inapasa kusisitiza hapa kwamba hakuna anayepaswa kuacha dawa za kufubaza virusi kwa sababu ya masikio. Anayehisi mabadiliko aeleze kliniki yake.

Mkoa wa Rukwa unaongeza jambo jingine, nalo ni lugha. Wazee wengi wa Ufipa walilelewa kwa Kifipa, wa Kalambo kwa Kilungu na Kimambwe, na katika bonde la Ziwa Rukwa Kisukuma kinasikika pamoja na lugha za wenyeji. Tafiti za sehemu mbalimbali duniani zimethibitisha kwamba mtu anayesikiliza lugha ya pili hupoteza maneno mengi zaidi kelele inapoingia, hata kama chumbani anaizungumza vizuri, kwa sababu uwezo wake wa kujaza mapengo ni mdogo. Mzee akipimwa kwa sentensi ndefu za Kiswahili sanifu na kushindwa, kipimo kinaweza kulishitaki sikio kwa kosa la lugha. Tarakimu hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa, maana hesabu ya Kiswahili imezoeleka katika kila soko. Bado ni busara kwa mpimaji kumtaka mzee ahesabu kwanza kwa sauti, kukiwa kimya, kabla ya kuanza.

Ipo pia dosari ambayo yeyote anayekusudia kukitumia kipimo hiki kwa watoto wetu lazima aijue. Sikio likizibwa na nta, au likiwa na usaha na ngoma ya sikio iliyotoboka, sauti ya msemaji na kelele hupungua kwa pamoja. Uwiano unabaki uleule, na mtoto anaweza kufaulu kipimo ilhali sikio lake linaoza. Watafiti wa Pretoria wamepunguza udhaifu huo kwa kuzipeleka tarakimu katika masikio mawili zikiwa na mawimbi yaliyopinduliwa, lakini hilo haliondoi haja ya mtoa huduma kuchungulia ndani ya sikio kwa kifaa chenye taa. WHO inakadiria kwamba takriban asilimia 60 ya upungufu wa usikivu kwa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuilika, na maambukizi ya masikio ni miongoni mwake. Mtoto anayetoa usaha hahitaji kungoja kipimo chochote. Anahitaji zahanati.

Darasani ndiko suala la uwiano linakoonekana waziwazi kuliko mahali pengine. Msimu wa mvua katika uwanda wa Ufipa huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili, na mvua kubwa juu ya paa la bati lisilo na dari inaweza kuifunika kabisa sauti ya mwalimu. Miongozo ya WHO ya mwaka 1999 inapendekeza kelele ya nyuma darasani isizidi desibeli 35 wakati wa masomo. Mahali pa wazi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Ndani ya darasa kuta husaidia kwa kurudisha sauti, lakini mwangwi huohuo huyavuruga maneno yanayofuata. Mtoto wa dawati la mbele na wa dawati la mwisho hawasikilizi somo moja.

Watoto, tena, si watu wazima wadogo katika jambo hili. Uwezo wa kutenga sauti na kelele huendelea kukomaa hadi ujana, kwa hiyo wanahitaji uwiano mzuri kuliko sisi ili waelewe kiasi kilekile. Mwalimu anayejisikia mwenyewe vizuri anaweza kudhani kwamba wote wanasikia. Mtoto mwenye upungufu mdogo hujibu vizuri anapoulizwa karibu, huchanganyikiwa wanapofanya kazi kwa vikundi, huwatazama wenzake kabla ya kufungua daftari, na mwisho huandikwa kuwa mzito wa kuelewa au mtukutu. Jina la mji wa Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji kuwa ni wito wa kutupa uchawi; dhana kwamba mtoto wa namna hiyo amerogwa ingefaa kutupwa pamoja nao. Kumhamishia mbele, mbali na dirisha la barabarani, hakugharimu shilingi. Dari ya kawaida chini ya bati hugharimu, lakini kamati za shule zinazopanga ukarabati zinapaswa kuihesabu kuwa kifaa cha kufundishia.

Kwa watu wazima, mashine za kusaga nafaka zinastahili kutazamwa kwa makini. Kikomo kinachotumika sehemu nyingi duniani ni desibeli 85 kwa saa nane za kazi, na kwa kanuni inayofuatwa na wataalamu wengi, kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda salama kwa nusu: desibeli 88 ni saa nne, desibeli 91 ni saa mbili. Mashine nyingi za nyundo huvuka kiwango hicho zikiwa katika chumba kidogo cha matofali, na mwendeshaji hukaa humo kutwa nzima msimu wa mavuno. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri amlinde mfanyakazi. Vizibo vya masikio ni bei ndogo kuliko mkanda mmoja wa mashine.

Mfaransa Étienne Lombard alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akiwa kwenye kelele hupaza sauti bila kujua. Msagaji anayeendelea kupaza sauti hata akiwa mezani nyumbani, mashine ikiwa imezimwa saa nyingi zilizopita, ni vyema akapimwa.

Mahali pengine ambapo kosa la kusikia lina gharama ni dirisha la dawa. Mgonjwa anasimama nyuma ya kioo au nondo, watoto wanalia, foleni inazungumza, na mtoa dawa anasema "viwili, kutwa mara tatu" huku ameinamia daftari. Mgonjwa anatikisa kichwa. Kutikisa kichwa hakuthibitishi chochote. Wenye usikivu hafifu hujifunza mapema kukubali ili wasiwachoshe wengine. Kumwomba mgonjwa arudie maelekezo kwa maneno yake ni kipimo kamili cha usikivu katikati ya kelele, kinachofanyika kwa nusu dakika na bila kifaa. Kuandika saa ya kurudi kliniki kwenye kadi, badala ya kuitamka tu, kunaondoa kabisa utata wa saa sita na saa tisa.

Ni kweli kwamba kujua tatizo hakutoshi kama tiba iko mbali. Mgonjwa wa Rukwa huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Sumbawanga, na uchunguzi wa kina zaidi unaweza kumfikisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Tunduma. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza mwaka 2017 kupandikiza vifaa vya kusaidia kusikia ndani ya sikio, huduma ambayo awali iliwalazimu Watanzania kwenda nje ya nchi. Lakini safari hizo ndefu ndizo sababu ya kutaka kipimo chepesi kiwe kijijini, ili anayepelekwa mbali awe yule anayehitaji kweli, na anayehitaji kutolewa nta tu asipande basi.

Inafaa pia kufahamu mapema kwamba shimesikio, yaani kifaa cha kuvaa kinachokuza sauti, hakimalizi tatizo hili. Hukuza sauti ya msemaji na kukuza kelele pia, ingawa vya kisasa hujaribu kuzitenganisha. Wengi hukiweka kabatini baada ya wiki moja kwa sababu hakuna aliyewaeleza jambo hilo, wala kwamba ubongo huhitaji wiki kadhaa kuzoea. Matokeo ya kipimo cha kelele humsaidia mtaalamu kusema tangu mwanzo kifaa kitafanya nini na hakitafanya nini. Kwa familia, mazoea machache yana nguvu kuliko inavyodhaniwa: kuzima redio kabla ya kuanza kuzungumza, kumkabili mzee usoni penye mwanga ili aone midomo, na kutaja jina lake kwanza. Asipoelewa, sentensi igeuzwe kwa maneno mengine badala ya kurudiwa kwa kelele zaidi.

WHO, katika Ripoti ya Dunia ya Usikivu ya mwaka 2021, ilieleza kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa usikivu wa kiwango fulani, na kwamba ifikapo mwaka 2050 idadi hiyo inaweza kufikia karibu bilioni 2.5. Siku ya Usikivu Duniani huadhimishwa kila tarehe 3 Machi, wakati mvua za Ufipa zikiwa bado zinanyesha juu ya mabati.

Mwananchi anayeona dalili zilizoelezwa katika makala haya anashauriwa asimwambie mtoa huduma kwamba "masikio yanasumbua", kwa kuwa maneno hayo huishia kwenye matone ya dawa. Aseme: "Nasikia sauti, lakini sielewi maneno penye kelele." Aeleze kama ni sikio moja au yote mawili, na tangu lini. Kama aliwahi kutibiwa kifua kikuu sugu kwa sindano, au malaria kali kwa kwinini, au aliugua uti wa mgongo au surua, ataje, kwa kuwa magonjwa hayo na baadhi ya dawa hizo huweza kuathiri sikio la ndani. Aende na kadi zake za kliniki na majina ya dawa anazotumia sasa, na kama amefanya kazi kwenye mashine, ahesabu ni miaka mingapi.